Nchi Jirani: Mashujaa Wasiobeba Bunduki



Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo kwa desturi ninyi askari hulihesabu kuwa ni lenu, nalo ni ushujaa. Neno hilo likitajwa kambini, mawazo ya wengi huelekea kwenye uwanja wa mapambano: mtu aliyesonga mbele chini ya risasi, au aliyembeba mwenzake aliyejeruhiwa hadi mahali pa salama. Hapana awezaye kuwapokonya heshima hiyo wale walioistahili. Lakini ipo vita ya namna nyingine, ambayo adui wake haonekani kwa darubini, hasikiki kwa sikio, wala hapigwi kwa risasi. Adui huyo ni maradhi ya kuambukiza. Na katika vita hiyo mstari wa mbele hushikwa na watu ambao hawakula kiapo cha jeshi, hawana cheo begani, na pengine mshahara wao haufiki mwisho wa mwezi. Hao ndio tunaotaka kuwatazama leo.

Tuanzie katika mji wa Gulu, kaskazini ya Uganda. Wapo miongoni mwa wazee wenu, waliokwisha kustaafu, wanaoufahamu mji huo kwa macho yao wenyewe, kwa kuwa walipita huko mwaka 1979 katika vita vya kuuondoa utawala wa Idi Amin. Miaka 21 baada ya hapo, mwaka 2000, wakazi wa Gulu walikuwa katika taabu nyingine. Vita vya waasi wa Joseph Kony vilikuwa vimewatoa maelfu ya watu mashambani mwao na kuwasonganisha makambini. Umbali wa kilomita chache kutoka mjini ipo hospitali ya Lacor, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1959. Usiku ulipoingia, watu wengi, wanawake na watoto kwa wingi, walikuwa wakija kulala katika uwanja wa hospitali hiyo ili wasichukuliwe na waasi.

Mganga mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Daktari Matthew Lukwiya, mtoto wa Kiacholi, mzaliwa wa Kitgum. Alikuwa amesoma mpaka Liverpool, Uingereza, akafaulu vizuri sana, kisha akarudi kwao kuwatibu watu wake katikati ya vita. Mwaka 1989 waasi walipoivamia hospitali wakitaka kuwachukua watawa, yeye alijitoa achukuliwe badala yao; wakaenda naye porini, wakamshikilia kwa siku kadhaa kabla ya kumwachia. Lakini si hilo lililolifanya jina lake likumbukwe hadi leo.

Mwanzoni mwa Oktoba 2000 Daktari Lukwiya alikuwa Kampala, masomoni katika Chuo Kikuu cha Makerere. Tarehe 7 Oktoba aliitwa kwa simu kutoka Lacor. Habari aliyopewa ilikuwa fupi na ya kutisha: wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa homa isiyofahamika. Akarudi Gulu mara moja. Pamoja na wenzake akayapitia majalada ya wagonjwa waliokufa karibuni, akaona kwamba wagonjwa kadhaa walikuwa na dalili zinazofanana: homa kali, kutapika, kuharisha, na baadhi yao kutokwa damu. Hakungoja maabara impe ruhusa ya kufikiri. Kabla ya majibu ya vipimo kurudi kutoka Afrika ya Kusini, alikuwa amekwisha kuitenga wodi, ameweka taratibu za kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, na ameomba wauguzi wa kujitolea. Katikati ya mwezi huo majibu yalipokuja, yalithibitisha kwamba ugonjwa ni Ebola.

Ndugu askari, hebu tulitafakari neno hilo, wauguzi wa kujitolea. Askari akiamriwa kwenda mbele huenda, kwa sababu amri ni amri, na nyuma yake ipo sheria ya jeshi. Muuguzi wa Lacor hakuwa na amri ya namna hiyo. Alijua kwamba mwenzake aliyekuwa naye zamu wiki iliyopita sasa analala katika kitanda cha wodi ile ile. Alijua kwamba akitoka kazini jioni majirani watamkimbia, na mwenye nyumba aweza kumwambia atafute pengine pa kulala. Hata hivyo ilipofika saa ya zamu yake alivaa aproni, glavu mbili mbili na mabuti ya mpira, akaingia. Ndani humo joto lilikuwa kali, kazi ilikuwa ya kusafisha matapishi na uchafu, kuwanywesha maji wasioweza kuinua shingo, na kuwafunga maiti. Kisha akatoka, akanyunyiziwa dawa ya klorini, akaenda kulala, na kesho yake akarudi tena.

Mwishoni mwa Novemba mambo yalizidi uzito. Wauguzi walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, na siku moja vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba wafanyakazi waliobaki walikusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi, mamia yao, wakitaka hospitali ifungwe. Daktari Lukwiya aliwakabili. Hakuwatisha kwa adhabu, wala hakuwaita waoga. Aliwaambia kwamba atakayetaka kuondoka yu huru kuondoka, ila yeye mwenyewe atabaki hata kama atabaki peke yake. Baada ya mazungumzo marefu, wengi walirudi kazini. Kila ofisa anayesikiliza afahamu kwamba huo ulikuwa uongozi wa hali ya juu. Kiongozi hakuwasukuma watu kutoka nyuma. Alisimama mahali alipotaka nao wasimame.

Lakini siku chache kabla ya hapo, usiku, muuguzi mmoja mgonjwa alikuwa amezidiwa, akatoka kitandani huku anavuja damu. Daktari aliitwa kutoka usingizini. Alivaa haraka: barakoa, joho na glavu, lakini hakuvaa kinga ya macho. Yasemekana hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki dunia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa katika uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Daktari Lucille Teasdale, mwanamke wa Kanada aliyeijenga Lacor pamoja na mumewe Piero Corti, na ambaye naye alifariki mwaka 1996 kwa ugonjwa wa Ukimwi alioupata akiwafanyia wagonjwa upasuaji. Kwa jumla watumishi 13 wa Lacor, yeye akiwamo, walipoteza maisha katika mlipuko ule.

Twamtaja Daktari Lukwiya kwa kuwa jina lake ni la historia. Hata hivyo tungewakosea haki wengi kama tungeishia kwake. Mlipuko wa Uganda uliwapata watu 425, na kuwaua 224. Wagonjwa 393 walikuwa wa Gulu, 27 wa Masindi na 5 wa Mbarara. Hesabu hiyo ilikuwa mbaya. Lakini sharti tuulize kwa nini haikuwa mbaya zaidi, katika wilaya yenye vita, yenye makambi yaliyosongamana, na katika nchi ambayo Ebola haikuwahi kuonekana kabla ya hapo. Jibu halimo hospitalini peke yake. Limo pia vijijini.

Waacholi wana neno lao, gemo, lenye maana ya maradhi ya ghafla yanayopita kama upepo na kuangusha wengi. Wataalamu waliokwenda Gulu wakati ule walikuta kwamba wazee wa kijiji, mara walipotambua kuwa ugonjwa huu ni gemo, walikuwa na kanuni zao tangu zamani. Mgonjwa atengwe katika nyumba iliyo mbali na nyingine. Mlangoni pawekwe mabua mawili marefu ya mabingobingo, ili kila apitaye ajue. Anayemhudumia mgonjwa awe mtu aliyekwisha kuugua akapona. Watu wasitembeleane, ngoma zisichezwe, chakula cha ugenini kisiliwe. Aliyepona abaki peke yake mpaka mwezi mzima wa mbalamwezi uishe. Anayekufa azikwe pembeni mwa kijiji, na azikwe na mtu aliyekwisha kupona. Madaktari wenye elimu ya vyuo vikuu walipozisoma kanuni hizo walikubali kwamba karibu zote zinafanana na yale waliyokuwa wakiyahimiza wao wenyewe.

Kanuni hizo ni nyepesi kuzitamka na ngumu kuzitimiza. Kwa desturi ya Waacholi shangazi ndiye mwenye wajibu wa kuuosha na kuutengeneza mwili wa marehemu. Mpeni picha shangazi huyo, aliyemlea mtoto wa kaka yake tangu utotoni, akiambiwa asimguse, asimwoshe, atazame kwa mbali watu waliojifunika uso wakimteremsha kaburini. Kumwosha ni upendo, na kutomwosha ni kuwalinda walio hai. Wanawake wengi wa Gulu waliyachagua machungu hayo ya pili, na hapana mtu aliyewaandika magazetini. Vivyo hivyo wanakijiji waliojitolea kupita nyumba kwa nyumba kila siku, kwa muda wa siku 21, kuwauliza waliogusana na wagonjwa kama wana homa. Huko walipokelewa kwa mashaka, mara nyingine kwa matusi. Waliendelea. Mwezi Februari 2001 Uganda ikatangazwa kuwa imesalimika.

Ndugu wasikilizaji, tuvuke sasa mpaka wa magharibi, tuingie Kongo, kwa ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili kama sisi. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa huko mlipuko wa Ebola ulioendelea kwa karibu miaka miwili, hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, ukitanguliwa na ule wa Afrika ya Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016. Safari hii ilikuwapo chanjo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Lakini Beni, Butembo na vijiji vyake ni nchi iliyokuwa imezoea mauaji ya makundi yenye silaha kwa miaka mingi, na wananchi wake walikuwa wamekwisha kupoteza imani kwa kila anayekuja na gari kubwa na walinzi.

Ninyi mnaolinda usalama mna la kujifunza hapo. Wahudumu wa afya walipokwenda vijijini wakisindikizwa na watu wenye bunduki, wapo wananchi waliojiuliza: ikiwa hii ni dawa, kwa nini inakuja na risasi? Na walipokwenda bila ulinzi, walishambuliwa na kuuawa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo, akiwa katika mkutano na wenzake. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo huo aliuawa nyumbani kwake, katika kijiji cha Lwemba huko Ituri, ndugu Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ndogo ya kijiji, aliyekuwa akiwaelimisha wasikilizaji wake juu ya Ebola. Sisi wa kazi hii ya redio hatuwezi kulitaja jina lake bila kuinamisha kichwa. Silaha yake ilikuwa kipaza sauti, na alikuwa akiwaambia jirani zake wanawe mikono.

Na bado kazi haikusimama. Waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imejenga kinga, walirudi katika vituo vya matibabu kuwahudumia wengine. Karibu na vituo vya Beni na Butembo palifunguliwa nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Watoto hao waliweza kuugua wakati wowote, kwa hiyo hapana mtu mwingine aliyeweza kuwapakata kwa usalama. Wanawake waliopona, baadhi yao wakiwa wamewazika watoto wao wenyewe, ndio waliowabeba, wakawanywesha maziwa na kuwaimbia mpaka wakalala. Hapo kanuni ya wazee wa Kiacholi, kwamba anayehudumia awe aliyepona, ilitimizwa tena, mamia ya kilomita kutoka Gulu.

Mwezi Juni 2019 ugonjwa ulivuka ukaingia Uganda, katika wilaya ya Kasese. Familia moja iliyotoka Kongo, ambako ilikuwa imempoteza babu, ilirudi na mtoto wa miaka 5 akiwa mgonjwa. Ilikuwa imepita njia za panya. Lakini katika hospitali ya Kagando, ya mashambani, wahudumu walizitambua dalili mara walipomwona, wakatoa taarifa, wakamtenga. Wagonjwa watatu wa familia hiyo walifariki. Hapana mtu mwingine yeyote aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Kinga ya nchi nzima siku ile ilitegemea macho ya mhudumu mmoja au wawili waliokuwa zamu.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona imekuwa janga la dunia. Twakumbuka hali ilivyokuwa mipakani mwa Afrika ya Mashariki. Malaba na Busia malori yalipanga foleni za maili nyingi, madereva wakingoja vipimo kwa siku kadhaa, wakilala chini ya magari yao na kupikia kando ya barabara. Miji waliyopita iliwaita wabeba maradhi. Lakini mafuta, unga, sabuni na dawa zilizofika Kampala, Kigali na Goma zilifika kwa mikono yao. Kama wangegoma kwa mwezi mmoja tu, njaa ingewaua wengi. Watanzania walikuwamo katika foleni hizo. Nani kati yetu amepata kumpa dereva wa lori mkono wa asante kwa ajili ya mwaka ule?

Katika miezi hiyo hiyo yalitokea pia mambo yasiyopendeza, na si haki kuwaficha ninyi, kwani yanawahusu wenye sare. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku huko Kenya, polisi walitumia mabomu ya machozi na virungu katika kivuko cha Likoni, Mombasa, juu ya watu waliokuwa wakitoka kazini wakijaribu kuvuka kwenda makwao. Siku chache baadaye Rais wa nchi hiyo, Bwana Uhuru Kenyatta, aliomba radhi hadharani kwa nguvu kupita kiasi iliyotumika. Hatulisemi hili kwa kumcheka jirani. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Amri ile ilikusudiwa kuwatenganisha watu ili wasiambukizane. Moshi na virungu viliwasonganisha, wakakohoa na kutemeana mate. Kwa hiyo amri ya afya iliyotekelezwa kwa hasira iliharibu afya yenyewe. Na walikuwapo, huko huko Kenya na Uganda, askari wengi waliowasaidia wazee kufika hospitali usiku, na waliowaruhusu wajawazito kupita vizuizini. Hao hawakupigwa picha.

Nasi Watanzania tusijione tuko mbali. Mwaka 2022 Ebola ilipotokea tena Uganda katika wilaya ya Mubende, ikawapata watu 142 waliothibitishwa na kuwaua 55 kati yao, mmoja wa madaktari waliofariki alikuwa kijana wa Kitanzania aliyekuwa huko masomoni, akisomea upasuaji. Alikufa ugenini akiwatibu wagonjwa wa ugenini. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, ulitangazwa mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, na waliokufa 6, akiwamo mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni mwaka huo ulitangazwa kuwa umekwisha. Mnapolipita jambo hilo katika mazungumzo yenu, mfahamu kwamba mlipuko uliokoma kwa watu 9 haukukoma kwa bahati.

Sasa, ndugu askari, yatupasa tufanye nini na habari hizi? Ziko njia tatu za kuwapa heshima watu hao, na zote tatu ziko mikononi mwenu.

Kwanza, tuzishike kanuni za afya kama tunavyoshika kanuni za silaha. Askari hulala pamoja, hula pamoja na husafiri kwa vikosi kutoka mkoa hadi mkoa. Maradhi yakiingia bwenini hayaulizi nani koplo na nani kanali. Askari mwenye homa anayejificha ili asionekane mlegevu hana tofauti na mlinzi anayesinzia lindoni. Wote wawili wamemfungulia adui lango. Ushujaa wa kweli hapo ni kwenda zahanati ya kambi na kusema, naumwa.

Pili, tukiitwa kulinda kizuizi, wodi au mpaka wakati wa maradhi, tujue kwamba tumewekwa pale kumlinda mhudumu na mwananchi pia. Mwananchi anayekimbia kutengwa mara nyingi anaogopa, na mwenye hofu huongozwa kwa maneno. Mkitaka mfano wa namna ya kusema na watu wenye hofu, mkumbukeni yule daktari mbele ya mamia ya wauguzi waliokata tamaa. Neno lake moja la kweli liliwarudisha wodini watu ambao virungu mia visingewarudisha.

Tatu, tuache tabia ya kusifu ushujaa huku tukiuacha mtupu. Ninyi mnajua maana ya kumpeleka askari vitani bila viatu na bila risasi. Twaweza kumsifu kwa kufa kwake, lakini aibu ni ya waliomtuma. Muuguzi asiye na glavu, mchimba kaburi asiye na mabuti, mfagiaji wa wodi asiye na sabuni, hawahitaji nyimbo zetu kabla hawajapata vifaa vyao. Daktari Lukwiya alifahamu taratibu zote. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Dakika moja ya usiku, pasipo kinga ya macho, ilitosha. Nchi yoyote inayowapenda mashujaa wake huhakikisha kwanza kwamba wana sababu chache iwezekanavyo za kufa.

Na baada ya vifaa, ndipo ije heshima. Chanda chema huvikwa pete. Twafahamu kwamba nishani ni chache, na gwaride haliwezi kufanywa kwa kila mtu. Lakini heshima haianzi kwa nishani. Aliyepona maradhi arudipo kijijini apewe kiti na kikombe cha chai kama zamani, asitengwe. Muuguzi arudipo kutoka zamu, mwenye nyumba amfungulie mlango. Familia ya mzikaji isinyimwe maji kisimani. Mtoto wa mhudumu aliyefariki asiondolewe shuleni kwa kukosa sare. Mambo hayo hayagharimu bajeti ya serikali yoyote, na kwa wahusika yana thamani kuliko medali ya shaba.

Jeshi lina desturi nzuri. Mwili wa askari aliyekufa kazini ukipita, waliosimama hukaza miili, wakapiga saluti, hata kama hawakumjua. Mara utakapopita karibu na zahanati ya kijiji, ukamwona mama mmoja amevaa aproni iliyofuliwa mpaka ikapauka, anamwaga ndoo ya dawa mlangoni, usipite kama aliyepita ukutani. Huenda mwaka wowote ujao, siku ambayo wengine wote watakimbia, ndiye atakayebaki. Mpe salamu yake mapema, angali hai aisikie.